Sakafu na Povu la Boti Kuukuu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua au Kukarabati

"Boti ya faiba haiozi." Mnunuzi wa boti iliyotumika huisikia kauli hiyo kabla hata hajapanda ndani, na kwa kiasi fulani ni kweli: faiba yenyewe haiozi, wala haitobolewi na wadudu wa baharini kama ubao. Lakini boti nyingi za faiba zilizotengenezwa miaka ishirini au thelathini iliyopita si faiba tupu. Chini ya zulia na rangi mpya, sakafu ni plaiwudi iliyofunikwa kwa tabaka jembamba la faiba. Mihimili ya urefu inayoibeba ni mbao zilizovishwa faiba. Ubao wa shetri, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, ni plaiwudi mbili au tatu zilizogandamanishwa. Na nafasi iliyopo kati ya sakafu na tumbo la boti imejazwa povu gumu, la rangi ya maziwa au ya manjano, linalofanana na lile lililomo katika kuta za friji. Vitu hivi vyote huharibika, tena huharibika gizani, na gharama ya kuvibadilisha huweza kufikia bei ya boti yenyewe.

Makala haya yanamlenga mtu anayekusudia kununua boti ndogo ya injini iliyotumika, ya urefu wa futi 14 hadi 20 hivi, pamoja na mwenye boti aliyekwisha kuambiwa na fundi kwamba sakafu "imekwisha". Hayakusudii kumfanya msomaji kuwa fundi. Yanakusudia kumwezesha kuuliza maswali yanayostahili, na kutambua jibu lisilotosha.

Povu lina kazi gani

Lita moja ya faiba ina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Kwa hiyo tumbo la faiba likijaa maji huzama, tofauti na mtumbwi wa mwembe au dau la mbao, ambalo hata likifurika hubaki usawa wa maji na watu wakaweza kulishikilia. Ukiongeza uzito wa mashine, betri, nanga na tangi la mafuta, boti ya faiba isiyo na povu huenda chini, shetri ikitangulia. Povu ndilo linaloirudishia boti ile sifa ambayo chombo cha mbao kilikuwa nayo kwa asili yake.

Watengenezaji waliitambua sifa hii mapema. Mwaka 1961 jarida la Life la Marekani lilichapisha picha za mtengenezaji wa boti, Richard Fisher, akiwa ameketi ndani ya boti yake ya Boston Whaler huku ikikatwa katikati kwa msumeno, juu ya maji. Nusu zote mbili zilibaki zikielea. Yalikuwa matangazo ya biashara, bila shaka, lakini matangazo yaliyoonyesha jambo la kweli. Baadaye sheria ilifuata: tangu miaka ya 1970 kanuni za Marekani zinataka boti nyingi za injini zenye urefu chini ya futi 20 zitengenezwe kwa namna ambayo zitabaki juu ya maji hata zikijaa maji, na tangu 1978 zile zenye mashine ya kupachika nyuma zinatakiwa zibaki zimelala sawa, zisisimame wima wala kupinduka. Ulaya nako kipo kiwango cha kimataifa, ISO 12217, kinachohusu uthabiti na uwezo wa boti kuelea.

Boti hizo, zikiisha kutumika huko, baadhi hufika kwetu. Zinakuja na povu lake. Swali ni hali ya povu hilo leo.

Hapa inafaa kutaja jambo dogo litakalomsaidia mnunuzi. Boti iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huwa na namba ya utambulisho yenye alama 12, iliyochapwa upande wa kulia wa ubao wa shetri, karibu na ukingo wa juu. Kwa boti zilizotengenezwa baada ya 1984, alama nne za mwisho hueleza umri: herufi ya kwanza kati ya hizo ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba, tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Namba inayoishia na C898 ni ya boti iliyotengenezwa Machi 1998. Muuzaji akikuambia kuwa ni ya 2008, mwonyeshe namba hiyo, kisha nyamaza umsikilize. Namba ikiwa imekwanguliwa au kupakwa rangi nzito, hiyo nayo ni habari.

Maji huingiaje

Povu linalotumika katika boti ni la poliyurethani, na vijishimo vyake vimefungwa kila kimoja peke yake. Likiwa jipya halinyonyi maji kwa wepesi. Lakini likiloweshwa mfululizo kwa miaka, huku likigongwagongwa na mawimbi na kusuguliwa na sakafu inayonesanesa, kuta za vijishimo hupasuka na maji huingia polepole. Yakiisha kuingia hayatoki. Hata jua la Januari haliwezi kulikausha povu lililofunikwa na sakafu.

Mlango wa maji huwa ni kitu kidogo: tundu la skrubu ya kiti ambalo halikuzibwa, ufa kwenye ukingo wa sakafu, mfereji wa kupitishia maji kuelekea ngama ulioziba kwa magamba ya samaki na mchanga. Wengi hushangaa wakielezwa kwamba maji ya mvua ni adui mkubwa kuliko maji ya bahari. Chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao. Maji baridi hayazuii. Ndiyo maana boti iliyoachwa wazi ufukweni masika mbili tatu bila turubai, au iliyofanya kazi Ziwa Victoria, huweza kuwa na sakafu mbovu kuliko iliyofanya kazi baharini kila siku.

Hasara ya povu lililolowa ni ya pande mbili. Tuseme boti yako ina lita 300 za povu na theluthi moja imejaa maji. Kwanza, kila siku unabeba takriban kilo 100 za maji usiyoyaona, yaani zaidi ya abiria mmoja mwenye mzigo wake. Boti inakaa chini zaidi, mashine inakula mafuta zaidi, na mwenyewe analaumu propela. Pili, siku boti itakapofurika, zile lita 100 hazitakusaidia kitu, kwa sababu maji ndani ya maji hayanyanyui. Uliyemdhania mlinzi amekwisha kuondoka.

Lipo na jambo la tatu, ambalo mafundi wengi hulitaja baada ya kazi kuanza: tangi la alumini lililozungukwa na povu bichi hutoboka kwa kutu ya nukta nukta, kwani povu hulikumbatisha maji mchana na usiku. Tangi la petroli linalovuja ndani ya nafasi iliyofungwa chini ya miguu ya abiria ni hatari ya moto, na pengine ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kutoahirisha kazi hii.

Kupima kabla ya kulipa

Vaa viatu vyepesi utembee polepole sakafu nzima, hasa pembezoni, mbele ya ubao wa shetri na chini ya kiti cha nahodha. Sakafu nzima haibonyei. Gonga kwa mpini wa bisibisi: ubao mkavu hutoa sauti kali, uliooza hutoa sauti ya kufa. Kisha nenda nyuma, shika mashine sehemu yake ya chini na uisukume mbele na nyuma huku mwenzio akitazama ubao wa shetri. Ukiuona ukicheza au faiba ikifunguka nyufa kuzunguka boliti, basi si sakafu peke yake iliyokwisha.

Vipimo hivyo havigusi povu. Kulipima kuna njia mbili za uhakika. Ya kwanza ni mzani wa magari. Pima trela ikiwa na boti, kisha pima trela tupu, na ulinganishe tofauti na uzito uliotajwa na mtengenezaji, ukikumbuka kuongeza mashine na vifaa. Ziada ya kilo kumi au ishirini haina maana. Ziada ya kilo 150 ina maana kubwa. Ya pili ni kutoboa. Kwa idhini ya muuzaji, fundi atoboe tundu la upana wa sentimita tano kwenye sakafu, mahali pa chini kabisa karibu na shetri, atoe kipande cha povu na kukikamua ndani ya karatasi laini. Povu la sehemu ya mbele ya boti huweza kuwa kavu kabisa wakati la nyuma linachuruzika. Muuzaji anayekuruhusu kutoboa omo tu amekuruhusu nusu ya ukaguzi. Tundu hilo huzibwa kwa kifuniko cha plastiki chenye mpira, na likabaki kuwa dirisha la ukaguzi kwa miaka ijayo.

Ukipata kipande kikubwa, kipo kipimo kisichohitaji utaalamu wowote. Kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Hiyo ni lita moja. Povu jipya la aina inayotumika sana katika boti huwa na gramu 32 hivi kwa lita. Uweke juu ya mizani ya dukani: ukisoma gramu 40, ni povu zima; ukisoma 300, zaidi ya robo ya kipande hicho ni maji.

Muuzaji asiyetaka boti itobolewe wala kupimwa uzito hatendi kosa. Ni mali yake. Lakini bei basi iwe ya boti ambayo povu lake limekufa.

Mnunuzi ajue pia sheria inavyomtazama. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, lakini kinga hiyo hupungua pale mnunuzi alipoikagua bidhaa na kasoro ni ile ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuigundua. Kwa maneno mengine, ukaguzi wa juujuu waweza kukuweka pabaya kuliko ulivyodhani. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kwa hiyo kauli za muuzaji ziandikwe kwenye hati ya mauziano: "sakafu ilibadilishwa yote", "povu ni jipya", na mwezi gani, na fundi yupi. Muuzaji mkweli huandika bila taabu.

Kazi yenyewe

Ukiamua kukarabati, elewa kwanza kwamba sakafu si kifuniko tu. Pamoja na mihimili na povu, ndiyo inayolishikilia umbo la boti. Ukiikata boti ikiwa imeegemea matairi mawili, tumbo hulegea na kupinda, kisha sakafu mpya hulifungia pindo hilo humo milele. Boti hiyo haitakimbia tena ilivyokimbia. Fundi anayejua kazi hutengeneza vitanda vya mbao vinavyofuata umbo la tumbo, walau mahali pane, na kupima usawa kabla ya kugusa msumeno. Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza: utaiegemeza wapi?

Tangi la mafuta hutolewa na nafasi yake hupitishiwa hewa kabla ya grenda yoyote kuwashwa. Sakafu hukatwa kwa kina kilichopimwa, pembeni ukiachwa ukingo wa sentimita tano hadi nane ambao sakafu mpya itaunganishwa nao. Povu la zamani huchimbwa kwa sepetu na tindo. Ni kazi chafu na ndefu, na hapa ndipo baadhi ya mafundi huacha "lile lililo kavu kidogo". Usikubali. Povu lililokwisha kunyonya maji likiachwa humo litaulowesha ubao mpya kutoka chini.

Kisha boti ikauke. Si siku mbili. Ni wiki kadhaa chini ya paa, hewa ikipita. Resini haishiki penye unyevu, na lile povu jipya, kama itakavyoelezwa, huharibika likikutana na maji wakati wa kumiminwa. Mteja mwenye haraka ndiye anayeharibu hatua hii mara nyingi kuliko fundi.

Mihimili ikaguliwe kwa kutobolewa matundu madogo: unga unaotoka ukiwa mkavu na wa rangi ya ubao, ni salama, ukiwa mweusi na mbichi, ubadilishwe. Katika kuchagua mbao, baadhi ya watu hutaka mtiki kwa sababu ni ubao uliosifika baharini. Kwa kazi ya kuvishwa faiba haufai sana: mafuta yake huizuia resini kushika. Mbao zilizolowekwa dawa ya rangi ya kijani nazo ziepukwe, na katika boti ya alumini zisitumike kabisa, kwa kuwa shaba iliyomo katika dawa hiyo hula alumini.

Plaiwudi ya sakafu iwe ya baharini, yenye alama ya kiwango BS 1088, au kwa uchache iliyogandamanishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Plaiwudi ya kumwagia zege haina uhakika huo, hata ikiwa imepakwa rangi ya kahawia inayong'aa. Jaribio jepesi ni kuchemsha kipande kidogo kwa saa kadhaa. Kikifunguka tabaka, umeokoa fedha zako. Kila ubao upakwe resini pande zote mbili na hasa kingo zake, ambako nyuzi za ubao zimekatwa na maji hupanda kama mafuta kwenye utambi. Ukikuta upande wa chini umeachwa mtupu kwa hoja kwamba "hauonekani", simamisha kazi.

Resini ziko za aina mbili kuu. Poliesta ni ya bei nafuu na ndiyo iliyotumika kiwandani. Epoksi ni ghali, lakini hushika ubao na faiba ya zamani kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa sakafu ya kuvaa juu ya mbao, tunaiona epoksi kuwa ina thamani ya bei yake. Tahadhari moja: mati ya kawaida ya faiba, ile yenye nyuzi fupi zilizotawanyika, imeshikiliwa kwa kiambata kinachoyeyushwa na poliesta, si na epoksi. Anayetumia epoksi atumie kitambaa kilichofumwa. Na kila tundu la skrubu, hata la kishikilia kikombe, litobolewe kubwa, lijazwe resini, likauke, kisha ndipo litobolewe upya. Boti nyingi zingali na sakafu zake za kwanza kama kiwanda kingefanya hivyo.

Povu: nini kinafaa na nini hakifai

Povu la poliyurethani la kumimina huuzwa kama vimiminiko viwili vinavyochanganywa nusu kwa nusu. Vikikorogwa, sekunde ishirini au thelathini baadaye mchanganyiko huanza kuumuka. Humiminwa kidogo kidogo kupitia matundu kwenye sakafu, kila tabaka likiachwa lipoe. Likimiminwa jingi kwa mara moja, joto hupanda hadi kiini kikaungua, na nguvu ya kuumuka huweza kuinua sakafu mpya au kulivimbisha tumbo. Kazi hii ifanyike asubuhi. Nyuzi joto 24 hadi 27 ndizo zinazofaa, na mchana wa pwani huliharakisha povu kuliko mikono ya fundi.

Kabla ya kumimina, mfereji wa maji uachwe wazi chini kabisa, kwenye mstari wa mkuku, kuanzia omo hadi ngama. Bomba la plastiki lililopasuliwa nusu na kufunikizwa hutosha. Povu lililoziba mfereji huo, hata liwe bora kiasi gani, litafuata njia ya lile la zamani.

Vipo vitu vinavyotumika badala yake ambavyo mlaji anapaswa kuvijua. Povu la kopo linalouzwa kwa ajili ya kuzibia fremu za milango hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Likijazwa katika nafasi iliyofungwa, sehemu ya ndani hubaki uji. Polistirini nyeupe, ile inayofungiwa televisheni, huyeyuka ikiguswa na petroli, na huyeyuka vilevile kwa resini ya poliesta. Vibao vya polistirini iliyoshindiliwa, vyenye rangi ya samawati au waridi, hunyonya maji kidogo zaidi, ila navyo haviwezi petroli, hivyo vifungwe mbali na tangi. Chupa na madumu matupu yaliyofungwa huelea vizuri siku ya kwanza, na hatuna sababu ya kuyadharau: mvuvi aliyeyafunga imara chini ya viti ana akiba ya uhai kuliko asiye na kitu. Lakini husuguana, vifuniko hulegea, na dumu likitoboka hupoteza nguvu yake yote kwa mara moja. Anayeyatumia ahesabu kana kwamba mawili makubwa yametoboka tayari.

Kiasi gani kinatosha? Kanuni salama ni kutorudisha pungufu ya kilichotolewa, na kukirudisha mahali palepale. Mahali pana maana. Povu likiwekwa chini tu, wakati pale kiwandani lilikuwa pia juu pembeni na karibu na shetri, boti iliyofurika itaelea, ila itaelea ikiwa imepinduka.

Ikiwa hakuna kumbukumbu ya kiasi cha awali, hesabu ifuatayo hutoa makadirio. Chukua boti yenye kilo 350 za faiba. Ikiwa ndani ya maji, faiba hubaki na theluthi ya uzito wake, yaani kilo 117. Mashine tuihesabu yote, kilo 90. Betri, nanga na vifaa vingine, kilo 40. Watu watano wa kilo 70, waliomo majini hadi kifuani, tuwahesabie nusu: kilo 175. Jumla ni kilo 422. Lita moja ya povu hunyanyua gramu 968, kwani hutoa nafasi ya kilo moja ya maji na yenyewe ina gramu 32. Gawanya, upate lita 436.

Hesabu hiyo inampa mlaji silaha nyingine. Lita 436 za povu lenye gramu 32 kwa lita zina uzito wa kilo 14. Povu halitokani na hewa tupu: kilo 14 za povu zinahitaji kilo 14 za vimiminiko, na zaidi kidogo kwa ajili ya upotevu. Fundi aliyenunua makopo ya kilo tano na kukuambia boti imejaa, ama hakuijaza, ama amelifanya povu jepesi mno litakalopondeka. Omba kuyaona makopo, na usome uzito ulioandikwa juu yake.

Afya ya wanaofanya kazi

Kimojawapo cha vimiminiko vya povu kina isosayaneti. Mvuke wake huweza kumsababishia mtu pumu, na aliyekwisha kuathirika huweza kushikwa tena kwa kiasi kidogo sana, pengine maisha yake yote. Barakoa ya kitambaa haizuii. Inahitajika yenye vichujio vya kemikali, pamoja na glavu, miwani na mahali penye hewa. Kigumisho cha poliesta kikiingia jichoni huweza kupofusha. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuchoma mapafu. Watoto wasikae karibu kutazama, ingawa kuumuka kwa povu huwavutia sana.

Povu la zamani lisichomwe ufukweni, kama inavyofanyika mara nyingi. Moshi wake una sianidi. Wala lisitupwe majini, ambako husagika kuwa punje zinazomezwa na samaki. Likaushwe kadiri inavyowezekana, lifungwe katika magunia na kupelekwa dampo la halmashauri.

Makubaliano na fundi, na jaribio la mwisho

Tunapokea malalamiko yanayofanana: bei iliyotajwa kwa mdomo, sakafu iliyofungwa kabla mteja hajaona ndani, na hakuna anayeweza kusema kilichomo. Kwa hiyo mkataba uandikwe, hata uwe wa ukurasa mmoja, ukitaja aina ya plaiwudi na unene wake, aina ya resini, kilo za vimiminiko vya povu, na bei ya kila muhali iwapo mihimili au ubao wa shetri utakutwa umeoza, maana hilo haliwezi kujulikana mpaka sakafu ifunguliwe. Malipo yagawanywe mara nne: ya vifaa, baada ya povu la zamani kutolewa lote na wewe kuona, baada ya mihimili na mfereji kukamilika na wewe kupiga picha, na ya mwisho baada ya jaribio. Sakafu isifungwe kabla ya picha hizo. Ukija kuiuza boti, picha hizo zitakuwa na thamani kuliko maneno yoyote.

Boti inayobeba abiria au kufanya biashara isirudi kazini kabla ya kukaguliwa upya: kwa Tanzania Bara na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mkaguzi apelekewe zile picha.

Jaribio lenyewe hufanyika kwenye maji ya kina cha kiuno, siku tulivu, bila abiria. Mashine na betri hutolewa, na mahali pake huwekwa mifuko ya mchanga. Kumbuka kwamba mchanga uliozama hupoteza sehemu ya uzito wake, hivyo uwekwe zaidi ya uzito wa mashine, walau mara moja na nusu. Boti hujazwa maji hadi ukingo, kizibo cha ngama kikiwa wazi, kisha watu wawili wakalia pembeni upande mmoja. Inapaswa kubaki juu, shetri na omo zikionekana, na isipinduke. Iache hivyo kwa muda, ifue maji, ipandishe juu, na usiku ule iache imeinamia nyuma, kizibo kikiwa kimefunguliwa. Asubuhi maji yawe yamekwisha kutoka. Yakiwa bado yanadondoka saa sita mchana, yapo mahali fulani chini ya sakafu mpya, na malipo ya mwisho yasubiri.